Majukwaa ya Picha za Ngono za Kulipia: Faida kwa Nani, Hatari kwa Nani?

Ndugu Mwenyekiti, ndugu maafisa ustawi wa jamii na walimu walezi,

1. Utangulizi

Mada hii inahusu majukwaa ya mtandaoni ambako mteja hulipa kila mwezi ili aone picha na video za utupu. Linalojulikana zaidi ni OnlyFans, lililoanzishwa London mwaka 2016 na kuvuma wakati wa UVIKO-19, kazi nyingi ziliposimama. Hoja yangu ni moja: faida ina wagawanaji wengi, lakini hatari humwangukia aliyepigwa picha.

2. Kipato

OnlyFans hukata asilimia 20 ya kila malipo. Katika mwaka wa hesabu wa 2023, wenye akaunti zaidi ya milioni 4 walilipwa takriban dola bilioni 5.3. Wangegawana sawasawa, kila mmoja angepata kama dola 107 kwa mwezi. Hawagawani hivyo: wenye majina huzoa, wengi huambulia pesa ya vocha. Wengine hukabidhi nywila kwa mameneja, ambao huajiri watu wa kuchati na wateja kwa jina la binti mwenye akaunti. Mteja anadanganywa, naye binti hajui ameahidiwa kufanya nini.

3. Picha kuvuja

Mteja mmoja akirekodi skrini, video huingia kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp, vijana wakaiita koneksheni. Kufuta akaunti hakufuti nakala hizo. Kisha huja vitisho: tuma pesa, au mzazi wako ataona.

4. Watoto

Machi 2025, Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, iliitoza kampuni inayoendesha OnlyFans faini ya pauni milioni 1.05 kwa kutoa taarifa zisizo sahihi kuhusu ukaguzi wa umri unaopaswa kuwazuia watoto. Basi tusiwaachie wenye biashara jukumu la kuwalinda wanafunzi wetu.

5. Sheria

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hapa Tanzania, inamwadhibu anayechapisha ponografia kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kwa hiyo binti aliyevujishiwa picha huogopa kwenda polisi asije akageuzwa mshtakiwa. Anayemtisha anaujua woga huo, na ndio mtaji wake.

6. Mapendekezo

(a) Anayekuja kwetu asikilizwe kwanza. Mahubiri yatamfungia mlango.
(b) Ashauriwe kuhifadhi ushahidi wa vitisho na asilipe, kwani anayelipa hudaiwa tena.
(c) Mtu mzima aelekezwe StopNCII, huduma inayosaidia mitandao shiriki kuzuia picha zake bila picha hizo kutoka kwenye simu. Kwa mtoto, tupige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto.
(d) Semina hii iombe sheria itenganishe waziwazi aliyevujishiwa na aliyevujisha, kama Kenya ilivyolitaja mwaka 2018 kosa la kusambaza picha za faragha za mtu mwingine.

Binti akijua kwamba akisema hatafungwa wala kufukuzwa nyumbani, mtishaji hana cha kuuza. Kazi hiyo ni yetu.

Naomba kuwasilisha.