Fahari ya Kuwa Miongoni mwa Wachache
Hotuba ya mwanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimetakiwa kunena juu ya heshima ya uanachama, nami nitasema yaliyo moyoni. Siku jina langu liliposomwa mkutanoni nikapokelewa kuwa mwanachama, nilifurahi kama mtu aliyeteuliwa. Kijijini kwetu wenye kadi tulikuwa wachache, na sehemu ya utamu wake ilikuwa ni ule uchache wetu. Ni tabia ya binadamu kupenda kuketi mahali ambapo si kila mtu huketi.

Lakini yafaa tujiulize: utamu huo watoka katika mlango uliofungwa, au katika kazi iliyotufikisha mlangoni?

Tuutazame mzabibu. Katika Tanzania, Dodoma ndiyo yenye jina kwa zabibu. Jua letu na ukame wa miezi mingi, ambao wageni huuona kuwa ni umaskini, hutuwezesha kuchuma mara mbili kwa mwaka. Lakini jua halichimbi mashimo, halipogoi, wala halibebi samadi. Tena mzabibu haulipi mwaka ule unapopandwa. Achumaye ni yule aliyengoja huku akipalilia.

Uanachama nao ni vivyo hivyo. Tuliupata kwa kulipa kiingilio na hisa, kwa kuleta mazao ghalani hali mlanguzi akitushawishi kwa fedha taslimu, na kwa kustahimili siku za kungoja malipo.

Sasa wako wenzetu wasemao: tumetosha, daftari lifungwe, waliochelewa wasije wakala jasho letu. Uchungu wao naufahamu, ila shauri lao silikubali. Watu 28 wa Rochdale, Uingereza, miongoni mwao wafumaji, walipofungua duka lao mwaka 1844, walikuwa wachache kweli kweli. Lakini mlango waliuacha wazi, na kwa sababu hiyo twawataja hata leo.

Nasi twawajua kwelea kwelea. Jirani asiyelinda mtama wake hulisha ndege watakaoumaliza na wangu. Kadhalika jirani aliye nje ya chama humwuzia mlanguzi kwa bei ya chini, na kesho bei hiyo hiyo ndiyo tutakayotajiwa sisi.

Basi mlango uwe wazi, na kizingiti kiwe kimoja: kiingilio kile kile, hisa ile ile, mazao safi, na kuhudhuria mikutano. Mtoto wa mjumbe na mjane asiye na jina wapite hapo hapo. Na wakisha kupita, kila mmoja awe na kura yake moja.

Naomba Mkutano Mkuu ujao ulikatae shauri la kufunga daftari, na kila mmoja wetu aje na jirani mmoja aliye tayari kulima na kungoja.