Pistole kwa mama aliye peke yake lupangoni: jibu letu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wamama wa chama, Kolwezi



Katika mikutano yetu swali moja linarudi kila mara: "Bwana yangu iko posti ya usiku ku mine, mimi niko peke na watoto. Ninunue pistole gani?" Wanaouliza zaidi ni wale waliotoka Afrika Kusini, kwani kule waliona jirani akiwa nayo ndani ya sanduku la chuma. Hatutalicheka swali hili, kwani woga huo ni wa kweli. Mtu akirudi, kartie nzima inajua. Lori imeshusha friji, televizyo, magodoro, na wevi wanajiambia dolari nazo ziko pale. Tena mji wetu umejaa wageni. Tangu 2014, watu wa Kasulo walipoanza kuchimba kobalti ndani ya lupango zao wenyewe, wengi wamekuja na wengi wameenda. Mara nyingi hatumjui anayelala ngambo ya ukuta. Basi tujibu polepole.

Kwanza, chombo chenyewe. Watu wanasema mwanamke achukue pistole kidogo, nyepesi. Ni kinyume. Silaha nyepesi inaruka zaidi mkononi, kwa sababu haina uzito wa kumeza nguvu ya risasi, na mpini wake mfupi haushikiki vizuri. Iliyo kubwa kidogo inatulia, lakini ni nzito na ngumu kuficha. Ile ya kuzungusha masasi haina mambo mengi, ila kidole kinapaswa kuvuta kwa nguvu, na mkono unaotetemeka unakosa. Hata ukichagua ipi, inadai mazoezi ya mara kwa mara, masasi ya kupoteza, na mahali panaporuhusiwa kupigia. Nani kati yetu ana hivyo vitatu?

Tena risasi haisimami pale unapotaka. Inapita mlango wa mbao, inapita manjanja, inaendelea mpaka kitandani kwa jirani. Na mchana pistole italala wapi? Ukiiweka chini ya mto, mtoto ataiona mbele ya mwizi. Ukiifungia ndani ya sanduku, basi saa nane ya usiku, SNEL imekata moto, unatafuta ufunguo gizani, nao wako watatu ao wane na mlango umeshavunjika. Ile inayokuwa karibu na mkono wako iko karibu na mkono wa mtoto pia. Hakuna pistole inayoponyoka hesabu hiyo. Na mwizi akisikia kwako kuna silaha, silaha yenyewe inakuwa kitu cha kuja kuiba.

Pili, sheria. Hapa kwetu mambo ya silaha yanaongozwa na ordonansi-lwa nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kuwa na silaha bila ruhusa ya serikali ni kosa, hata kama nia yako ni kulinda watoto. Karatasi uliyopewa Johannesburg ao Lusaka haikusaidii ukishavuka Kasumbalesa. Na ile inayouzwa kwa siri, usiku, hujui ilitoka mikononi mwa nani wala iliua nani. Ikikutwa kwako, wewe njo utaulizwa. Tena kodi ya sheria ya kijeshi ya Novemba 2002 inaruhusu tribinali ya kijeshi kuhukumu hata raia aliyetumia silaha ya vita. Mama aliyetaka kulinda nyumba anaweza kujikuta mbele ya oditora, na watoto wake kwa majirani.

Tatu, nani anakufa. Huko Marekani, jimbo la California, wachunguzi walifuata mamilioni ya watu wazima wasio na silaha, wakatoa matokeo mwaka 2022. Walioishi na mwenye bastola walikuwa na hatari karibu mara 7 zaidi ya kuuawa kwa risasi na bwana, bibi ao mpenzi wao, kuliko walioishi nyumba isiyo na bastola. Katika waliouawa hivyo, 84 kwa 100 walikuwa wanawake. Afrika Kusini, mwaka 1999, mwanamke mmoja aliuawa na mwenzake kila saa 6. Mwaka 2009 ilikuwa kila saa 8. Bado ni msiba, lakini waliouawa kwa risasi walipungua sana, na wachunguzi waliona mkono wa sheria kali ya silaha ya mwaka 2000 ndani yake.

Mama mmoja atasema: "Mimi bwana yangu si mubaya." Hatumshitaki mtu. Tunajua tu kwamba pombe, wivu na huzuni vinaingia bila kuvunja mlango, na bastola inakuwa imeshawangojea ndani. Kolwezi inajua bunduki. Wazee waliokuwa hapa Mei 1978 wanakumbuka. Baada ya vita, pasta Daniel Ngoy Mulunda na PAREC yake walipita Katanga wakipokea silaha na kutoa kinga. Mtu aliacha bunduki, akaenda na kinga ya kubebea makala na mihogo. Tusianze sisi kuzirudisha silaha nyumbani.

Sasa, tufanye nini? Pesa isilale nyumbani. Likelemba igawanywe mchana na ipite kwa simu. Mlango uwe na nondo ya ndani, si kadena ya nje peke yake. Madirisha yawe na chuma, lakini moja lifunguke kutoka ndani, juu ya moto. Chagueni chumba kimoja chenye mlango wa nguvu, watoto wajue kukimbilia pale, na simu ilale imechajiwa. Taa ya jua iangaze nje. Kila mama awe na filimbi, na kila avenyu ikubaliane: ikilia moja, zote zinalia, masufuria yanapigwa, na mtu mmoja aliyechaguliwa anaita polisi na shefu wa kartie.

Mtu atasema filimbi haisimamishi kalash. Kweli. Lakini mwizi anahitaji saa na kimya, na filimbi ishirini zinamnyang'anya vyote viwili. Akiwa ameshaingia na silaha, mpe vitu. Friji inanunuliwa tena.

Na hili tuseme bila haya: mwanamke akitendewa vibaya usiku huo, aende hospitali upesi, mbele ya saa 72 kupita, apate dawa ya kuzuia virusi vya SIDA. Dawa ya kuzuia mimba nayo inafaa zaidi ikichukuliwa mapema. Asingoje bwana arudi kutoka posti, asingoje mkutano wa familia. Chama kitampa mama wa kumsindikiza, na taxi italipwa na kasha letu.

Aliye na kitu amekificha tayari, asikitupe mtoni wala asikibebe mwenyewe mpaka polisi. Aongee kwanza na avoka.

Kuanzia mwezi huu kasha letu litakopesha kadena, nondo na taa, mtu alipe kidogo kidogo kwa miezi sita. Wamama ambao mabwana wao wako posti ya usiku wataanza. Waandikishe majina kwa sekretere, na waseme avenyu wanayokaa, tujue nani atasikia filimbi ya nani.