HOTUBA YA KATIBU WA TAWI KWENYE MKUTANO WA WANACHAMA: ULINZI WA KIJIJI UANZIE KWENYE DAFTARI

_Inatumwa kwa wanachama wote na mabalozi. Waliokosa mkutano wasome hapa. Ukimtumia mwenzako, tuma yote, usikate maneno._



Nimepewa ajenda moja: wizi na ulinzi wa kijiji chetu.

Hali mnaijua. Parachichi zinachumwa usiku kabla hazijakomaa. Viazi vinang'olewa shambani, kuku na paneli za sola vinaondoka. Na sisi tuko jirani na Makambako, zinapokutana barabara za Mbeya, Iringa na Songea. Mali ikiibwa saa nane usiku, kukicha imeshafika mbali. Wa kuizuia ni sisi, kabla haijagusa lami.

Je, wizi umeongezeka au umepungua? Kila mtu ana jibu lake, kwa sababu hakuna mahali tulipoandika. Aliyeibiwa jana anasema umezidi, ambaye hajaguswa anasema ni maneno ya vilabuni. Hatuwezi kupanga ulinzi kwa kubahatisha.

Wengine wanasema ulinzi shirikishi umekufa kwa sababu vijana ni wavivu. Mimi nasema umeuawa na hesabu. Chukueni mfano wa kitongoji chenye kaya 120, kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na shilingi 1,440,000 kwa mwaka. Mwananchi akiuliza fedha imekwenda wapi, anajibiwa: betri za tochi. Ndugu zangu, tochi gani hiyo? Simtuhumu mtu. Nasema pasipo stakabadhi, hata kiongozi msafi hana cha kumtetea.

Zamu nazo ni hivyo hivyo. Mwenye uwezo anatoa chochote, analala. Kijana wa kibarua anakesha kwenye baridi ya mwezi wa saba, na asubuhi anatakiwa shambani. Msimu wa ulanzi ukifika, doria inaishia kilabuni. Mama mjane asiye na mtu wa kumtuma anatozwa faini ambayo haijaandikwa popote. Mtu hawezi kulinda kwa moyo kitu kinachomwonea.

Sasa niseme jambo zito. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto wadogo waliuawa kikatili katika mkoa wetu wa Njombe, na imani za kishirikina zikatajwa. Mwenye mtoto anaikumbuka hofu ile. Kijiji chenye hofu na kisicho na daftari la wakazi kina hatari mbili. Mhalifu anapita bila kuulizwa. Na mgeni asiye na hatia anaweza kupigwa hadi kufa kwa sababu hakuna aliyejua amefikia kwa nani.

Kwa hiyo nasisitiza: hakuna kujichukulia sheria mkononi. Mwananchi anaruhusiwa kumkamata mhalifu anayemkuta akitenda kosa, lakini lazima amfikishe polisi bila kuchelewa. Anayemuua mtuhumiwa anaweza kushtakiwa kwa mauaji, na adhabu yake ni kunyongwa. Mahakama haitauliza zilikuwa parachichi ngapi. Sungusungu walipoanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipambana na wezi wa ng'ombe hadi Serikali ikawatambua kwa sheria mwaka 1989. Lakini nguvu hiyo hiyo iliwageukia pia akina mama wazee, wakaitwa wachawi. Nguvu bila utaratibu haichagui wa kumpiga.

Ndugu wanachama, napendekeza tupeleke haya kwenye mkutano mkuu wa kijiji:

*1. Fedha.* Kila mchango uwe na stakabadhi ya Serikali ya Kijiji. Mkutano mkuu unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mapato na matumizi ya ulinzi yasomwe hapo, kipengele kwa kipengele.

*2. Zamu.* Orodha ya majina ibandikwe ofisi ya kijiji. Wazee, wagonjwa na wajane wenye watoto wadogo wasamehewe. Faini itozwe kwa sheria ndogo tu, iliyojadiliwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri. Anayekwenda doria asiwe amekunywa.

*3. Wakazi na wageni.* Mwenyekiti wa kitongoji awe na daftari. Anayepokea mgeni au kibarua wa msimu amwandikishe. Lengo ni kumjua mgeni, si kumfukuza.

*4. Matukio.* Kila wizi uandikwe: tarehe, saa, mali na hatua iliyochukuliwa. Nakala iende kwa mtendaji wa kijiji na polisi kata. Baada ya mwaka tutajua ni njia ipi na mwezi upi unatuumiza.

*5. Soko la wizi.* Parachichi zisinunuliwe wala kupakiwa usiku. Mnunuzi ajitambulishe ofisi ya kijiji na aandike shamba alikonunua. Mwizi bila mnunuzi atazila mwenyewe.

Mwisho, kwa mabalozi wetu. Mnawajua watu wenu nyumba kwa nyumba, saidieni. Lakini msikusanye fedha ya ulinzi wala msipange zamu kwa jina la Chama. Hiyo ni kazi ya Serikali ya Kijiji. Jirani wa chama kingine naye anaibiwa, na usiku ukipiga yowe ndiye atakayetangulia kufika. Mwizi haulizi kadi.

Dharura piga *112*. Mtoto akiwa hatarini piga *116*. Namba zote mbili ni bure.

Tukutane mkutano mkuu wa kijiji. Kila mmoja aje na swali lake la fedha, aulize kwa heshima, na asikae mpaka ajibiwe kwa tarakimu.



*Katibu wa Tawi*