Mgonjwa wa kansere asilale siku nzima



Leo tuongee juu ya uchovu. Mgonjwa akisha kupewa dawa ya kansere, anarudi nyumbani amelegea, viungo vyote vizito. Sisi, kwa upendo, tunamwambia: «Mama, lala tu, usiguse kitu.» Je, tunafanya vizuri? Siku mbili tatu, ndiyo. Lakini akilala hivyo juma kwa juma, misuli inanyauka, pumzi inakuwa fupi, na uchovu unazidi. Uchovu huu hauishi kwa usingizi peke yake. Unapungua mgonjwa akitembea kidogo kidogo.

Basi afanye namna gani? Bukavu ni mji wa vilima; asianze na kupanda njia ya Kadutu. Aanze ndani ya lupango, mahali pa sawa, dakika 5 asubuhi na 5 jioni. Kila juma aongeze, mpaka afike dakika 30, mara 3 kwa juma. Kipimo ni hiki: akitembea, aweze bado kuongea. Akishindwa, apunguze mwendo.

Na mama aliyepasuliwa ziwa? Muganga akisha kumruhusu, asimame mbele ya ukuta, apandishe vidole polepole, kila siku juu kidogo, bega lisikauke.

Tusidanganyane: kubeba makala mgongoni siyo mazoezi. Mzigo huo wabebe wengine.

Moyo nao unahitaji kuchangamka. Kusuka kikapu, kuimba na kwaya, kucheza na wajukuu: haviponyeshi kansere, lakini vinafukuza mawazo mengi.

Mgonjwa akiwa na homa ya 38, damu ikimtoka, kizunguzungu, kifua kikiuma, au mfupa ukianza kuuma, aache mazoezi, mumlete hospitali siku ile ile. Na mazoezi hayashiki nafasi ya dawa; tarehe ya muganga isipite.

Neno la mwisho. Mwaka 2025 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 889 wa kansere ya utumbo mkubwa, huko Kanada, Australia na kwingine. Walikuwa wamemaliza dawa. Wengine walipewa karatasi za mafundisho tu. Wengine walipata mtu wa kuwaongoza katika mazoezi kwa miaka 3. Hao wa pili ndio kansere iliwarudia kidogo zaidi.

Munaona? Karatasi peke yake haitoshi. Hii yetu pia haitoshi. Kesho asubuhi mushike mgonjwa wenu mkono, mutembee naye.