Kazi ya Mtoto Isiende na Majivu



Jambo la leo ni dogo, lakini limewaliza watoto wengi. Mtoto anafinyanga ngamia wa udongo kwa kazi ya darasani. Jioni ngamia bado hana miguu, basi anaachwa karibu na mlango akauke, amaliziwe kesho. Alfajiri herio inafagiliwa, na ngamia anaondoka pamoja na majivu.

Aliyefagia hana kosa. Ndani ya herio moja watu hulala, hupokea wageni na kuweka vyombo. Watoto wakiwa sita, kila mmoja na makopo na maboksi yake, pa kutandika mkeka hapabaki. Chumba kimoja cha mabati ni vivyo hivyo. Tena nge hupenda kujificha chini ya rundo lisiloguswa, na maboksi karibu na jiko yanaweza kushika moto.

Lakini tazameni mikeka inayofunika herio yenyewe. Kina mama huisuka kwa siku nyingi. Mkeka uliofika nusu hautupwi. Hukunjwa, ukawekwa kando, na hakuna anayethubutu kuukanyaga. Kazi ya mtoto nayo inastahili heshima hiyo.

Alama nazo zimo. Katika KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 20 ya alama hutokana na tathmini za shuleni, zikiwemo kazi za mikono. Mazoea hayo huanza chekechea, ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti.

Kila mtoto apewe gunia moja tu, litundikwe juu kwenye fito, mbali na jiko na mbali na mbuzi (mbuzi humaliza karatasi haraka kuliko ufagio). Likijaa, mtoto mwenyewe achague kitakachotoka. Vitu vya udongo viwekwe kwenye sinia kuukuu, lisogezwe wakati wa kufagia. Wembe na vipande vya nyaya vishikwe na mtu mzima. Kabla ya kutupa chochote, mtoto aulizwe: "Umemaliza?" Akisema bado, aambiwe siku ya mwisho ya kumaliza, na siku hiyo ikifika isisogezwe. Kazi ambayo mwalimu amekwisha kuikagua, aombwe aihifadhi darasani.

Mvua za Machi zikikaribia, maboksi yote yainuliwe kutoka sakafuni.