WALEI WALIOJITOLEA KATIKA INCHI YA WENGINE
(Maneno ya katekista mbele ya wakristu na wageni, siku ya jubile, Karavia)



Sisi makatekista tuliombwa na halmashauri ya parokia kusema maneno machache juu ya walei wanaoacha kwao na kwenda kutumika katika inchi ya wengine pasipo kudai mshahara. Neno hilo halikuchaguliwa bure. Mmekwisha kusikia ya kuwa watoto wetu wawili, muuguzi na seremala, wamekubaliwa kuvuka Ziwa Tanganyika na kutumika miaka miwili katika misioni moja ya Tanzania. Mmesikia pia manung'uniko. Wengine wanauliza: "Na wagonjwa wetu wenyewe, nani atawaangalia?" Wengine wanasema: "Tangu lini mwenye njaa amegawa chakula?" Maneno hayo hatuyadharau. Yamesemwa na watu wenye akili, na mengine yamesemwa na wazazi, ambao wana haki ya kusema kabla yetu sisi. Kwa hiyo hatutaanza kwa kuhubiri. Tutaanza na habari za watu wawili waliofanya safari ya namna hiyo, tena kando ya ziwa lile lile.

Wa kwanza ni Kapiteni Léopold Joubert. Wenye asili ya Moba na Mpala wanalijua jina hilo tangu utoto. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Mwaka 1860 alijitoa kuwa askari wa Baba Mtakatifu, akakaa katika jeshi hilo mpaka Roma ilipotwaliwa mwaka 1870. Mwaka 1880 alijitoa mara ya pili, akafuatana na Mapadri Weupe waliokuwa wakisafiri kwa miguu kutoka pwani mpaka ziwani. Hakuwa padri wala bruda. Alikuwa mlei kama sisi, na kazi yake ilikuwa kulinda wamisionari na watu waliokimbilia kwao, kwa maana siku zile wafanyi-biashara ya watumwa walikuwa wakiteketeza vijiji vya pande zote mbili za ziwa. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Mwaka 1881, kule Rumonge katika Burundi, Padri Deniaud na Padri Augier waliuawa, na pamoja nao mlei mmoja Mbelgiji, D'Hoop, naye askari wa zamani wa Baba Mtakatifu. Yeye pia alikuwa amejitolea.

Joubert alirudi Ulaya mara moja tu, halafu akaja tena, akafika Mpala mwaka 1887. Hapo ndipo twaona jambo lenyewe tunalotaka kulitazama leo. Mtu aliyekuja kwa kazi ya bunduki alijikuta anafanya kazi nyingine nyingi ambazo hakuna aliyemwandikia: kuamua mashauri ya watu, kufunga vidonda, kufundisha katekismu, kupanga mashamba. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, binti wa inchi ile, wakajenga nyumba, wakazaa watoto, na wawili kati yao wakawa mapadri. Tangu siku ile hakuwa tena mgeni mwenye kuhesabu miezi. Alikuwa mkwe wa watu. Vita vya watumwa vilipokwisha, sababu ya kuja kwake ilikuwa imekwisha pia. Angeweza kufunga mizigo. Hakufunga. Alikuwa hai bado tarehe 21 Julai 1917, siku Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alipopewa daraja la upadri huko Baudouinville, yaani Moba ya leo, akiwa padri wa kwanza wa Kongo wa nyakati hizi. Joubert alikufa mwaka 1927, mzee wa miaka 85, katika inchi aliyokuwa ameifikia kwa mkataba wa mlinzi.

Mtasema: huyo alikuwa Mzungu, tena mwenye jeshi nyuma yake. Basi, tuvuke ziwa tufike Karema, tumtazame wa pili. Huyo ndiye tunayempenda zaidi, tukisema kweli, kwa sababu alikuwa Mwafrika na alikuwa katekista.

Adrien Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, mnamo mwaka 1866. Angali mtoto mdogo alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa. Mapadri Weupe wa Algeria wakamnunua kwa fedha, wakamwachia huru na kumlea. Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo ambalo wengi siku zile walilicheka: kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Kwa hiyo aliwapeleka vijana kadhaa wa namna hiyo katika kisiwa cha Malta tangu mwaka 1881, wasomee uganga, halafu waende kuwa waganga na makatekista katika inchi za Maziwa Makubwa. Hakutaka wageuzwe kuwa Wazungu weusi. Alitaka waweze kukaa na watu na kula chakula chao.

Atiman alifika Karema mwaka 1889. Fikirini vizuri jambo hilo, hasa ninyi mnaosema kwamba Mwafrika akienda kwa Waafrika hana ugeni. Kutoka Niger mpaka Tanganyika ni mbali kuliko kutoka Roma mpaka Niger. Lugha hakuijua. Ukoo hakuwa nao. Watu walimwona mweusi kama wao, wakadhani anajua mambo yao, kumbe hajui hata moja. Na mgeni wa rangi yako humwonei huruma upesi kama mgeni wa rangi nyingine. Ilimpasa kuanza kama mtoto, kwa kuuliza majina ya vitu.

Alikuwa na dawa za Malta katika sanduku, lakini sanduku huisha na msafara mwingine hukawia. Akajifunza majani na mizizi kwa wenyeji, akachagua yaliyofaa, akayatumia pamoja na elimu aliyopewa chuoni. Akaoa kule kule, na mtoto wake mmoja akapata upadri. Alitibu watu wa Karema na wa vijiji vya mbali mpaka uzee, akafa mwaka 1956. Hesabuni: ni miaka 67 mahali pamoja. Habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe, zikachapwa Tanganyika mwaka 1946. Mtu aliyenyimwa kwao kwa nguvu ndiye aliyechagua kuwapa wengine maisha yake yote. Tusiseme upesi upesi ya kuwa anayejitolea ni yule mwenye ziada nyumbani.

Turudi kwetu. Mji huu wa Lubumbashi umejengwa na watu waliotoka pengine. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na tangu siku zile mababu zetu waliletwa kuchimba shaba, wengine wakatoka Kasai, wengine Rwanda na Burundi, wengine ng'ambo ya mpaka wa Rodezia. Wao walikuja kwa mkataba na kwa posho, si kwa kujitolea. Hata hivi walijifunza Kiswahili cha njiani, wakapika bukari kama wenyeji, wakazika wafu wao hapa. Sanaa hiyo ya kuanza upya tumeirithi, ingawa hatuihesabu kuwa mali.

Tena tumeona kwa macho yetu walei waliokuja kutumika katika misioni za pande hizi. Wengine walikuja na masanduku yaliyojaa, wakaondoka nayo yamejaa vile vile. Wengine tunawakumbuka mpaka leo. Tofauti yao haikuwa akili wala uchaji. Mwezi wa kwanza kila mgeni anafurahi. Kila kitu kinampendeza, hata mavumbi. Mwezi wa tatu au wa nne ndipo moyo unaanza kuuma: homa imempata, barua haziji, kazi aliyoambiwa haipo, na ile iliyopo hakuisomea. Aliyepita hapo alikuwa karibu kila mara yule aliyekuwa na nyumba moja au mbili ambamo anaingia bila kubisha hodi mara tatu, akaketi jikoni, akachekwa kwa sababu ya lugha yake. Aliyejifungia na vitabu vyake alirudi kwao. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaongeza kwamba huyu wa kujitolea asingojee kupewa, aliombe jembe mwenyewe.

Kwa ninyi wawili mnaokwenda, basi, tuna mambo machache ya kuwaambia mbele ya wote. Msijidanganye kwamba kule mtakuwa na kazi nyepesi kwa sababu ni Kiswahili. Mkiomba bukari wataitikia ugali. Sombe kwao ni kisamvu. Lupitalo hawalijui, wana hospitali. Na masomo kwao ni yale yanayosomwa, si nyumba ya kusomea. Watacheka, nanyi chekeni. Wewe muuguzi, kabla ya kutengeneza utaratibu wa dawa, kaa kwanza uone ule uliopo unafanyaje kazi, kwa maana umewekwa na mtu ambaye atabaki utakapoondoka. Wewe seremala, fundisha kijana mmoja vizuri kuliko kutengeneza viti mia.

Na kwa wenye kunung'unika: tumesikia. Ni kweli kwamba wagonjwa wetu ni wengi na waganga ni wachache. Lakini kama parokia ingengoja mpaka isipungukiwe na kitu, isingempeleka mtu hata mmoja, nayo isingepokea pia, maana wale waliotuletea Injili waliacha kwao wagonjwa na maskini. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya kazi ya umisionari, uliwataja walei waziwazi, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 784, yasema ya kuwa wamisionari waweza kuchaguliwa kati ya wenyeji au wageni, mapadri, watawa au walei. Leo mapadri wa Kongo wanatunza parokia katika Ubelgiji, katika Ufaransa, katika Italia. Hatuoni kwa nini mlei wa Karavia azuiliwe kwenye kivuko cha Kalemie.

Hata hivi, wazazi wa hawa wawili hawataachwa peke yao. Mashirika yamekubali kupanga zamu ya kuwatembelea kila juma, na si kwa sala tu, bali kwa unga na makaa pia. Mama wa muuguzi anahitaji mtu wa kumsindikiza lupitaloni kila mwezi. Kijana mmoja wa kwaya amejitoa. Kwa zamu ya wagonjwa wa parokia, ambayo binti yake aliibeba peke yake miaka yote hii, akina mama wawili wamekwisha kuandika majina yao. Wanatakiwa wanne. Daftari liko mezani, karibu na mlango wa sakristia, na kalamu ipo.