Adabu ni ya Nini?

Sogeeni karibu na redio, na mwenye kalamu aishike, maana mwisho wa somo yako maswali. Leo tutazungumza juu ya adabu. Sote tumefundishwa adabu tangu utotoni. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza: adabu ni ya nini?

Tuanze mlangoni. Mtu akifika kwa mwenziwe hupiga hodi, kisha husubiri. Akipiga mara tatu asijibiwe, huondoka. Kwa nini asiingie tu, iwapo mlango u wazi? Kwa sababu huenda mwenye nyumba anavaa, au mume na mke wana maneno yao, au chakula ni kidogo na watoto ndio wanakila. Basi neno hodi lina kazi. Linamlinda mwenyeji asiaibike, na linamlinda mgeni asione yasiyomhusu.

Sasa tazameni salamu. Neno shikamoo huelezwa kuwa limetokana na kusema, "Nashika miguu yako." Mdogo hujishusha mbele ya mkubwa. Lakini jambo haliishii hapo. Mkubwa naye ana deni: aitikie marahaba, amtazame huyo mdogo, amwulize habari za nyumbani. Mzee anayeamkiwa akapita kimya ndiye aliyekosa adabu, ingawa ana mvi. Kadhalika karani anayesalimiwa ofisini asiinue macho. Adabu ni kama gogo linalobebwa na watu wawili. Mmoja akiliachia, linaanguka.

Hapo twafika penye jambo gumu. Hebu fikirini mkutano wa kijiji wakati wa kiangazi, maji yakiwa ya shida. Kila nyumba imechanga pesa za kutengeneza pampu ya kisima, na pampu bado ni mbovu. Binti wa miaka ishirini anasimama, anawaamkia wazee, kisha anasema: "Wazee wangu, naomba kujua pesa tulizochanga zimefikia wapi." Mara sauti inatoka mbele: "Keti! Huna adabu wewe!" Binti anaketi. Mkutano unaendelea na mambo mengine. Kesho yake alfajiri anachukua ndoo na kwenda mbali kama jana.

Je, binti huyo amekosa adabu? Hakumtukana mtu. Ameamkia, ameomba, ameuliza. Tena ana haki. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18, wala si wa wenye mvi peke yao. Aliyekosa ni yule aliyelifanya neno adabu kuwa kifuniko cha kufunikia swali. Wahenga walisema, heshima si utumwa.

Lakini vijana nanyi sikieni. Tuseme binti angesimama na kupiga kelele, "Nyinyi wazee ni wezi!" Nini kingetokea? Wazee wangeanza kutetea heshima zao, watoto wao wangeingia kuwatetea, na habari ya pesa ingesahauliwa. Hata asiye na kosa angekasirika. Swali la kweli likisemwa kwa matusi humpa mwenye kosa mahali pa kujificha.

Basi, ndugu zangu, hii ndiyo kazi ya adabu: kuwawezesha watu wanaoishi pamoja kuambiana hata yaliyo magumu, na kesho wakutane kisimani bila uadui. Adabu inayomfunga mtu mdomo asiseme la haki si adabu tena. Ni woga tu. Na ukweli usio na adabu mara nyingi haufiki unakopelekwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Mara ya mwisho mtoto alipokuamkia, ulimwitikiaje?

2. Katika kijiji chenu, nani huambiwa "huna adabu" anapouliza juu ya mali ya wote?

3. Mwenyekiti wa mkutano angemjibuje yule binti ili wazee wasivunjiwe heshima, na swali nalo lipate jibu?